Wajaribu wa Kwanza

Mwezi wa Januari mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu, na watu wengi wa Somalia wakawa wanakimbia vita. Baadhi yao walivuka mpaka wakaingia katika nchi kavu ya Garissa, na mwaka huohuo kambi ya Ifo ikafunguliwa karibu na mji mdogo wa Dadaab. Mwaka 1992 zilifuata kambi mbili nyingine, Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000 tu, nazo zilidhaniwa kuwa za muda mfupi.

Mwezi wa Agosti wa mwaka uleule wa 1991, mbali sana na Garissa, katika mji wa Helsinki nchini Finland, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu jina lake Linus Torvalds aliwaandikia watu wapendao kompyuta kama yeye, akawaarifu kwamba anatengeneza mfumo endeshi mpya kwa kujifurahisha, na akawauliza wangependa kuona nini ndani yake. Mwezi wa Septemba alitoa toleo la kwanza, akalipa nambari 0.01. Lilikuwa changa mno hata halikuweza kutumiwa kwa kazi yoyote ya maana.

Mambo haya mawili hayakuhusiana hata kidogo. Lakini ukienda leo katika soko la Dagahaley ukachukua simu ya Android juu ya meza ya muuzaji, utakuwa umeshika uzao wa kazi ile ya Helsinki. Maana kiini cha Android, mfumo uliotolewa kwa watu mwaka 2008, ni kiini cha Torvalds kilichokuzwa na mikono ya maelfu ya watu. Na kilikuzwa kwa njia moja hasa: kila toleo lilipewa watu wachache walijaribu kabla halijawa tayari, nao wakarudisha habari ya yaliyowapata. Historia ya hao wajaribu wa kwanza ndiyo tutakayoisimulia hapa.

Yafaa tueleze kwanza mfumo endeshi ni kitu gani, maana wengi huutumia kutwa kucha bila ya kuujua. Wafugao ngamia katika Garissa wanaifahamu kazi ya mtu asimamiaye zamu kisimani. Yeye si mwenye ngamia, wala si lazima achote maji. Kazi yake ni kusema kundi la nani linywe sasa, la nani lingoje, na la nani limekwisha kunywa liondoke. Akilala, makundi huchanganyika na mahori huvunjika. Ndani ya simu, programu ya barua, ya picha na ya fedha zote hutaka kutumia kumbukumbu moja, kioo kimoja na betri moja, na mfumo endeshi ndio uzipao zamu. Kwa hiyo kasoro iliyo katika programu moja aghalabu huiharibu programu hiyo peke yake. Lakini kasoro iliyo katika mfumo endeshi yaweza kuviharibu vyote vilivyomo. Ndiyo sababu mfumo mpya haupasi kupewa watu wote kabla haujajaribiwa, na ndiyo sababu pia kuujaribu kuna hatari.

Torvalds hakuificha hatari hiyo. Tangu mwaka 1994 hata miaka ya mwanzo ya 2000 walikuwa na desturi nzuri ya nambari, yeye na wenziwe. Tarakimu ya pili katika jina la toleo ikiwa witiri, kama 2.1 au 2.3, toleo ni la majaribio, na anayelitwaa amelitwaa kwa hiari yake. Ikiwa shufwa, kama 2.2 au 2.4, toleo limetulia. Mtu yeyote ajuaye kuhesabu aliweza kujua anaingia wapi kabla hajaingia. Desturi hiyo baadaye iliachwa, zikashika mahali pake alama nyingine, lakini mimi naiona kuwa mojawapo ya mambo ya uungwana yaliyopata kufanywa katika ufundi huu.

Makampuni makubwa yalikuwa na njia nyingine. IBM ilipotangaza kompyuta zake za System/360 mwezi wa Aprili mwaka 1964, mfumo endeshi wake ulichelewa sana, ukagharimu kuliko ilivyokadiriwa, na kasoro zake zilipoondolewa upande mmoja zilizuka upande mwingine. Fred Brooks, aliyeisimamia kazi hiyo, aliandika kitabu juu ya taabu zake mwaka 1975, na kitabu hicho husomwa na wahandisi hata leo. Katika siku hizo majaribio yalifanywa ndani ya nyumba ya mtengenezaji na kwa wateja wachache waliochaguliwa. Kompyuta ilikuwa kubwa kama chumba, na wenye kuwa nayo walihesabika.

Kompyuta zilipoingia majumbani, njia hiyo haikutosha tena. Mtengenezaji hakuweza kujua kila mashine iliyoko ulimwenguni, wala kila kitu ambacho mtu angeiunganisha nayo. Basi Microsoft, kabla ya kutoa Windows 95 tarehe 24 Agosti 1995, iliwapa mamia ya maelfu ya watu toleo la majaribio, na wengi wao walilipa fedha ili walipate. Apple ikafanya vivyo hivyo tarehe 13 Septemba 2000: iliuza toleo la majaribio la mfumo wake Mac OS X kwa dola 29.95, na toleo hilo likaisha muda wake mwaka uliofuata. Ni ajabu kidogo, ukifikiri, mtu kulipa ili apate kusumbuliwa. Lakini watu hao walikuwa wanapata kitu: walikiona kipya kabla ya wenzao, na malalamiko yao yalifika kwa mtu aliyeweza kuyatengeneza. Hayo yalikuwa ndiyo mapatano. Mjaribu hutoa muda wake na usalama wa vitu vyake. Mtengenezaji hutoa sikio lake.

Afrika ya Mashariki nayo ina jaribio lake maarufu, ijapokuwa halikuwa la mfumo endeshi mzima bali la programu iliyowekwa katika kadi ndogo ya laini ya simu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom, pamoja na shirika la mikopo la Faulu Kenya, zilianza kujaribu kitu kilichoitwa M-Pesa. Walioongoza kazi walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Mawakala walikuwa wanane tu, na wateja hawakufika 500, katika Nairobi na Thika. Kusudi lilikuwa dogo sana: mkopaji aweze kulipa deni lake kwa simu badala ya kubeba fedha mkononi hadi kwenye mkutano wa kikundi chake.

Wajaribu walipewa simu, wakafundishwa, kisha wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa. Mmoja alimlipia mwenziwe deni ili apate huduma fulani kwa malipo yake. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya mchana katika simu ili yalale salama, wakayatoa asubuhi. Wasafiri waliweka fedha Nairobi wakazitoa Thika, na kwa hivyo wakapita njiani mifuko yao ikiwa mitupu. Mume mmoja aliibiwa pochi, na mkewe akamtumia nauli ya basi kwa simu. Waliokuwa wakisimamia jaribio wangeweza kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba watu hawa hawakuelewa maagizo. Badala yake waliandika kila walichokiona. M-Pesa ilipotolewa kwa nchi nzima mwezi wa Machi mwaka 2007, matangazo yake hayakuwa juu ya kulipa mikopo; yalikuwa juu ya kutuma pesa nyumbani. Jambo lililoifanya M-Pesa iwe M-Pesa halikubuniwa mezani. Lilitoka kwa watu wasiozidi 500 ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia.

Sasa tazama kisa kingine ambacho kilikwenda kinyume chake. Mwishoni mwa Septemba mwaka 2014 Microsoft ilitangaza mpango wa wajaribu wa Windows, na baada ya miaka michache waliojiandikisha walikuwa mamilioni. Walipangwa kwa daraja: wa mbio walipokea mapema, wa polepole walingoja kidogo, na umma ulipokea mwisho. Tarehe 2 Oktoba 2018 sasisho kubwa lilitolewa kwa umma. Baada ya siku chache watu walianza kulia kwamba wamewasha kompyuta zao wakakuta faili zimetoweka: barua, picha za harusi, kazi za shule. Tarehe 6 Oktoba kampuni ililisimamisha sasisho hilo. Ikatafuta chanzo, ikakiona, na ikalitoa tena tarehe 13 Novemba.

Waliopatwa walikuwa sehemu ndogo sana ya wote, kama kampuni ilivyosema. Lakini hilo silo lililowaudhi watu. Lililowaudhi ni kwamba wajaribu kadhaa walikuwa wamekwisha kuipeleka habari hiyo miezi kabla. Waliandika wazi kuwa faili zao zimefutwa. Habari yao iliingia katika ghala la malalamiko pamoja na maelfu ya malalamiko mengine, na kwa kuwa ghala hilo lilipandisha juu yale yaliyoungwa mkono na watu wengi, sauti ya wachache waliopotewa na kila kitu ikabaki chini. Baadaye kampuni iliongeza mahali pa mjaribu kueleza ukubwa wa madhara, si idadi ya waliopatwa peke yake. Kumbe wajaribu 500 wa Nairobi na Thika walisikiwa kuliko mamilioni haya! Mwenye kusikiliza watu wengi mno huenda asimsikie mtu.

Haya si mambo ya mbali na Dagahaley. Mfikirie mwanafunzi wa shule ya sekondari katika kambi hiyo, apendaye ufundi wa kompyuta, naye anasoma kwamba simu ya aina fulani yaweza kupokea toleo la majaribio la Android. Tangu mwaka 2016 mlango huo umekuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye simu inayofaa. Atajiandikisha, atapakua, atasakinisha. Lakini faili la mfumo mpya ni kubwa, na vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha ambazo nyumbani zingeweza kununua sukari. Umeme wa kuchajia simu katika masoko ya kambi umetoka kwa miaka mingi katika jenereta za watu binafsi, na huo nao hulipiwa. Sasisho likikatika katikati kwa kuishiwa betri, itakuwaje?

Hapo wahandisi wamefanya jambo la busara. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu nyingi zina nafasi mbili za kuwekea mfumo, mithili ya rafu mbili. Simu huendelea kutumia mfumo wa zamani ulio katika rafu ya kwanza, huku ule mpya ukiandikwa katika ya pili; simu ikizimwa na kuwashwa huhamia ya pili, na ikishindwa kusimama hurudi katika ya kwanza. Lakini rafu hizo mbili humlinda mtu na sasisho lisiloamka. Hazimlindi na sasisho linaloamka likiwa gonjwa. Na mjaribu atakayechoka akataka kurudi katika mfumo uliotulia kabla ya wakati wake, simu yake hufutwa yote, isibaki picha wala barua ila zile alizokwisha kuzihifadhi mahali pengine.

Simu ya nyumba moja katika kambi mara nyingi si ya mtu mmoja. Ndiyo njia ya kumpata shangazi aliyehamia Minneapolis. Ndiyo inayopokea habari ya hawala kufika. Ndiyo yenye nambari ambazo mama hakuziandika popote. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa sasisho dogo, nambari 8.0.1, nalo halikuwa la majaribio bali la watu wote. Simu mpya za iPhone 6 zilizolipokea zilipoteza mtandao, zisiweze kupiga wala kupigiwa. Kampuni ililiondoa kwa muda wa kama saa moja tu, na kesho yake ikatoa jingine. Mtu wa London aliyekuwa na simu ya pili mezani alikasirika. Nyumba yenye simu moja haikasiriki tu. Inakatika na ulimwengu. Kwa hiyo mwanafunzi wetu, ikiwa ni mwerevu, atatafuta simu kuukuu isiyotegemewa na mtu, aifanyie majaribio yake hiyo. Na akiiona kasoro aiandike vizuri: simu ni ya aina gani, alifanya nini, alitazamia nini, likatokea nini. Kasoro ambazo mhandisi wa California hataziona kamwe, kama za mtandao hafifu na joto la mchana wa Garissa, huyo ndiye awezaye kuziona.

Mwanafunzi huyo lakini ana jambo moja ambalo wazazi wake hawakuwa nalo: yeye aweza kukataa. Kambi zenyewe zimekuwa mahali pa kujaribiwa mifumo mipya, na aliyejaribiwa hakuulizwa sana. Mwezi wa Agosti mwaka 2015, katika kambi ya Kakuma huko Turkana, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi sehemu ya posho yao kwa laini ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Thamani ya chakula iliingia katika laini kila mwezi, na mwenye laini akanunua kwa wafanyabiashara waliochaguliwa, kwa nambari ya siri. Mwaka 2016 mpango ukafika Dadaab. Kakuma walikuwa daraja la mbio, Dagahaley la polepole. Kwa ujumla mpango huo ulipendwa, maana mtu aliweza kuchagua ale nini badala ya kupokea nafaka asiyoitaka akaiuza kwa hasara.

Alama za vidole zilitangulia. Mwishoni mwa mwaka 2013 mashirika ya chakula na ya wakimbizi yalianza kuhakikisha watu kwa vidole katika vituo vya kugawia chakula vya Kakuma na Dadaab. Aliyefika aliweka kidole juu ya kioo, na mashine ikasema kama ndiye. Wakati uleule mfumo mpya zaidi ulikuwa ukijaribiwa Dzaleka, nchini Malawi, kwa wakimbizi karibu 17,000, wakipigwa picha za mboni pamoja na vidole. Mwaka 2015 mfumo huo ukaanza kutumiwa ulimwenguni, kwanza Thailand. Shirika la chakula lilisema kwamba uhakiki wa Kenya uliokoa zaidi ya dola milioni moja kila mwezi, nami siwezi kulidharau jambo hilo, maana chakula kilichookolewa ni chakula cha mwenye njaa. Lakini mtu hawezi kuwa mjaribu wa hiari ikiwa upande wa pili wa kioo pana unga wake wa mwezi mzima. Mzee ambaye kazi ya miaka imemlainisha ncha za vidole hata mashine isimsome, hakuwa na toleo la zamani la kurudia.

Na wako waliopatwa na jambo gumu zaidi. Katika miaka ya ukame, na hasa mwaka 2011 ambapo watu wa kambi za Dadaab walipita 400,000, baadhi ya jamaa za Kikenya zilizoishi karibu na kambi zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula, dawa na shule. Wengine walikuwa watoto walioshikwa mkono na mama zao hata mezani kwa mwandishi. Watoto hao walikua. Walipofika miaka 18 walikwenda kuomba kitambulisho cha taifa, wakaweka vidole vyao kwenye kioo, na mashine ikajibu kwamba watu hawa ni wakimbizi. Maelfu walikwama hivyo katika Garissa, wasiweze kupata kazi rasmi, wala kusajili laini ya simu kwa jina lao, wala kupiga kura. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwahakiki mmoja mmoja, wengine wakafunguliwa na wengine wakabaki wakingoja.

Simu iliyoharibiwa na toleo la majaribio hufutwa ikaanza upya kwa muda wa robo saa. Vijana wale walikuwa wakirudi ofisini mwaka baada ya mwaka, wamebeba vyeti vya shule na majina ya babu zao, na vidole vilevile.